Kaboni au mwanga: kipi kisafishe maji ya rangi yatokayo kiwandani?

Jaza chupa mbili za plastiki inayopitisha mwanga kwa maji ya suuza ya mwisho ya vitambaa vyekundu, yale yenye rangi kama ya juisi ya rozela. Ya kwanza itie kijiko cha kaboni ya unga, itikise kwa nusu saa, kisha chuja kwa karatasi. Ya pili itie unga mweupe wa titaniamu dayoksaidi, kidogo tu wa ncha ya kijiko, uilaze juu ya bati saa sita mchana na kuigeuza mara kwa mara. Maji ya kwanza yatatoka angavu kabla hujamaliza chai yako. Ya pili yatakuwa kama maziwa yaliyodondoshewa rozela, yatafifia polepole, na ikifika alasiri wekundu umekwisha.

Kwa macho, zote mbili zimefaulu. Ila rangi ya chupa ya kwanza haijaenda popote, imo ndani ya ule mkaa mweusi uliobaki kwenye karatasi. Ya chupa ya pili imevunjwavunjwa, na baadhi ya vipande vyake huenda vingali mle majini bila rangi ya kukuonyesha.

Namwandikia mwenye karakana ya batiki, meneja wa kiwanda cha nguo, au fundi wa mtambo wa majitaka aliyeletewa bei za njia hizi mbili na kutakiwa aseme ichukuliwe ipi. Msimamo wangu nautanguliza: kabla ya kulinganisha bei, jiulize ni gramu ngapi za uchafu unazotoa kwa siku, na jioni ikifika sumu hiyo itakuwa wapi. Nimeona watu wakinunua mitambo mizuri bila kuuliza hata moja kati ya hayo, na maji yakaendelea kutoka yana rangi.

Kwanza, maji yako ni yapi?

Jina "maji ya rangi" linaficha mengi. Rangi nyingi za batiki ni zile zinazoyeyushwa kwa sodakostiki na haidrosalfaiti. Zikikutana na hewa hurudia hali yake ya kutoyeyuka. Ukimwaga mabaki ya beseni kwenye pipa wazi, ukayakoroga ili yapate hewa, kisha ukarekebisha pH na kutia shabu, sehemu kubwa ya rangi itashuka chini yenyewe kama tope. Hapo huhitaji kaboni wala jua. Unahitaji pipa, subira, na mahali halali pa kupeleka tope.

Kazi ngumu iko kwenye rangi za riaktivu, zinazotumika sana kwenye pamba. Hizi hushikana na uzi kikemia, lakini si zote. Katika kila gramu 100 unazotia, gramu 10 hadi 40 hubaki majini, kutegemea aina ya rangi na ustadi wa mpishi wake. Zimeundwa ziyapende maji, kwa hiyo hazizami, na shabu pekee huzipata kidogo. Chokaa pamoja na chumvi ya magnesiamu hufanya vizuri zaidi kwenye maji yenye pH ya juu. Tena haziji peke yake: beseni la riaktivu huwa na chumvi gramu 40 hadi 80 kwa lita, na pH yake hucheza kati ya 10 na 12. Kumbuka hiyo chumvi, tutairudia.

Halafu kuna sheria. Kanuni za Tanzania za mwaka 2007 zinataka COD ya maji yanayomwagwa, yaani kipimo cha oksijeni inayohitajika kuunguza uchafu uliomo kikemia, isizidi miligramu 60 kwa lita, na rangi isizidi 300 TCU. Kanuni za Kenya za mwaka 2006 zinataka COD isizidi 50 na rangi isizidi 15 za Hazen. Hazen na TCU ni kipimo kilekile kwa majina mawili. Kwa hiyo maji yanayopita Dar es Salaam kwa upande wa rangi yanaweza kukataliwa Nairobi, tena kwa mbali. Mwuzaji akikuambia mtambo wake "unakidhi viwango", mwulize viwango vya nchi gani.

Kaboni: hunasa, haiui

Gramu moja ya kaboni nzuri, yaani mkaa ulioamilishwa, ina nyuso za ndani zenye eneo la mita za mraba 500 hadi 1,500. Ukichukua ya kati, yenye 1,000, basi gramu saba ulizoshika kiganjani zina eneo la uwanja mzima wa mpira. Eneo hilo liko ndani ya vitundu vidogo mno, na molekuli za rangi zikiingia humo hugandamana na kuta. Wataalamu huita adsopsheni. Mimi nitasema kunasa.

Watu wa Geita na Chunya hawahitaji kufundishwa jambo hili. Wachenjuaji wa dhahabu wanaotumia sayanaidi hupitisha maji yao kwenye kaboni, mara nyingi ya vifuu vya nazi, dhahabu ikanaswa, kisha kaboni ikapelekwa kukamuliwa. Ujuzi upo hapa nyumbani, na bidhaa inapatikana. Tofauti ni kwamba kaboni iliyoshiba dhahabu kila mtu anaitaka, na iliyoshiba rangi nyekundu hakuna anayekuja kuinunua. Hilo ndilo tatizo lote la kaboni, na linastahili kufikiriwa kabla ya kuagiza gunia la kwanza.

Jambo la pili ambalo wauzaji hawalisemi. Kaboni ya vifuu ina vitundu vyembamba sana, vingi chini ya nanomita 2. Kwa dhahabu na kwa vitu vidogo ni bora kabisa. Molekuli ya rangi ya riaktivu ni kubwa, hukwama mlangoni. Utaonyeshwa cheti chenye namba ya ayodini ya 1,000 au 1,100, na namba hiyo ni ya kweli, lakini inapima vile vitundu vyembamba ambavyo rangi yako haiingii. Omba namba ya methilini buluu, au ya molasi, ambazo hupima vitundu vipana zaidi. Kaboni ya mbao au ya makaa ya mawe yenye namba ndogo ya ayodini inaweza kukufaa kuliko ya vifuu yenye namba kubwa. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea kimyakimya.

Sasa hesabu. Chukua karakana inayomwaga lita 1,000 kwa siku, zenye rangi miligramu 100 kwa lita. Hizo ni gramu 100 za rangi. Tuseme kila gramu ya kaboni inanasa miligramu 100 za rangi ya riaktivu: unahitaji kilo moja kwa siku. Kazini haifiki hapo, kwa sababu sabuni, wanga na mafuta vinagombea nafasi ileile, basi weka kilo mbili. Kwa siku 26 za kazi ni kilo 52 kwa mwezi. Ni mzigo, lakini unabebeka. Sasa hesabu hiyohiyo ifanyie kiwanda cha lita 500,000 kwa siku: tani nzima ya kaboni kila siku. Hakuna meneja atakayeisaini hati hiyo mara mbili. Ndiyo maana viwanda vikubwa huiweka kaboni mwisho wa mstari, baada ya dawa za kugandisha na matangi ya bakteria kuondoa sehemu kubwa, ili yenyewe imalizie tu.

Kaboni ya chenga ikishiba inaweza kufufuliwa kwa kuchomwa kwenye tanuri la nyuzijoto 800 hadi 900, katika mvuke na hewa kidogo mno. Kila mzunguko unapoteza kama asilimia 5 hadi 10. Hiyo si kazi ya karakana. Ya unga haifufuliwi, huondoka na tope. Iliyoshiba usiichome jalalani na usiirundike uani, maana mvua ikiinyeshea, rangi uliyoinasa kwa gharama inaanza kurudi mtoni. Ihesabu kama taka hatarishi na uione mamlaka ya mazingira ya nchi yako kabla haijawa rundo.

Nitatua kidogo kwenye pumba za mpunga, makapi ya miwa, maganda ya korosho na vinginevyo vinavyosifiwa kuwa kaboni ya bure. Navipenda kwa sababu ni vyetu, lakini vikiwa vibichi hunasa kidogo, na vingi vyenyewe hutoa maji ya kahawia kama chai, COD ikapanda badala ya kushuka. Vikichomwa na kuamilishwa vizuri ni habari nyingine, ila hapo si bure tena.

Mwanga: huvunja, kwa masharti

Mwaka 1972 Wajapani wawili, Akira Fujishima na Kenichi Honda, walichapisha kazi iliyowashangaza wanakemia. Walimulika titaniamu dayoksaidi ikiwa majini, na maji yakagawanyika kuwa haidrojeni na oksijeni. Mwaka 1977 Frank na Bard, huko Texas, walionyesha kwamba unga huohuo ukipigwa na mwanga unaweza kuharibu sayanaidi majini. Kuanzia hapo ukatazamwa kama kisafisha maji.

Unga huu ni uleule unaofanya rangi ya ukutani kuwa nyeupe. Mwanga wenye nguvu ya kutosha ukiupiga, elektroni inaruka na kuacha pengo. Lile pengo hunyang'anya maji elektroni na kuzaa radikali za haidroksili, vitu vyenye uchu mkubwa visivyochagua cha kushambulia. Zikikutana na molekuli ya rangi huimega, na zikipewa muda huishusha mpaka kaboni dayoksaidi, maji na chumvichumvi. Hapo sumu imekufa kweli. Kwa mtu anayejali kinachofika kwenye bustani za mchicha bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, hilo ni jambo kubwa, na ndilo linalonifanya niendelee kuifuatilia njia hii hata pale inaponivunja moyo.

Maana inavunja moyo. Titaniamu dayoksaidi ya kawaida inahitaji mwanga wa chini ya nanomita 387 hivi, yaani miale ya urujuanimno. Katika nishati yote ya jua inayotufikia, miale hiyo ni kama asilimia 5. Watu husema, sisi jua tunalo la kumwaga. Basi tupige hesabu. Weka wati 30 za urujuanimno kwa kila mita ya mraba, kwa saa 6 za jua zuri. Hizo ni fotoni kama moli 2. Tuwe wakarimu tuseme 5 kati ya kila 100 zinafanya kazi ya maana, nyingine zinapotea kama joto. Kuisaga molekuli moja ya rangi yenye kaboni ishirini na kitu mpaka mwisho kunahitaji elektroni mia moja hivi. Ukimaliza kugawanya unapata nusu gramu ya rangi kwa mita ya mraba kwa siku. Ile karakana ya gramu 100 itahitaji vioo vya mita za mraba 200. Kile kiwanda, chenye kilo 50 kwa siku, kitahitaji hekta 10. Kupoteza rangi tu bila kuimaliza kunahitaji eneo dogo zaidi, lakini hilo lina hatari yake, nitaieleza.

Hesabu hiyohiyo inakupa pia upande wa matumaini. Karakana ikishusha rangi kwanza hadi miligramu 10 kwa lita, eneo linakuwa mita za mraba 20. Hilo ni paa la banda. Mwanga unapenda maji yaliyokwisha kusafishwa kwa sehemu kubwa, tena kwa sababu nyingine iliyo wazi: maji meusi huzuia mwanga wenyewe. Ukiyamimina maji mazito ya rangi kwenye mtambo wa mwanga, sentimita ya kwanza inapata jua na iliyobaki inakaa gizani.

Sasa ile chumvi. Kloraidi na kabonati hula radikali kabla hazijafika kwenye rangi. Beseni la riaktivu lenye gramu 60 za chumvi kwa lita ni adui mkubwa wa kichocheo hiki, yaani ule unga mweupe, wakati kaboni haijali, hata pengine hunasa rangi vizuri zaidi chumvi ikiwepo. Kwa maji ya beseni lenyewe sioni ushindani, mwanga umeshindwa. Kwa maji ya suuza ya mwisho, ambayo chumvi yake imepungua sana, mlango unafunguka.

Kisha unga wenyewe. Chembe zake ni ndogo mno, za nanomita ishirini na kitu kwa aina inayotumika sana, na huchukua siku kutulia chini. Ukiuacha uende na maji, umemwaga uchafu mpya na umepoteza dawa yako. Unahitaji vichujio vya utando, au uugandishe kwenye kioo au shanga, na ukiugandisha kasi inashuka. Na ukiupima kwenye mizani, vaa barakoa. Vumbi lake si la kuvuta puani.

Huko Almería, kusini mwa Hispania, kuna kituo kikubwa cha utafiti wa jua ambapo njia hii imejaribiwa kwa miaka mingi kwa mabomba ya kioo na vioo vilivyopinda. Inafaa kujua kwamba kazi nyingi za huko zilielekea kwenye ndugu yake, foto-Fentoni, inayotumia chuma na haidrojeni peroksaidi chini ya jua. Chuma kinafaidi sehemu pana zaidi ya mwanga na kasi yake ni kubwa. Masharti yake ni pH ya karibu 2.8. Kwa maji yako ya pH 11, hiyo maana yake ni kununua asidi ya kushusha, chokaa ya kupandisha, na kubaki na tope la chuma.

Rangi ikipotea usishangilie bado

Rangi nyingi za nguo ni za azo. Kifungo kinachozipa rangi ndicho chepesi kuvunjika, kwa hiyo maji huwa angavu mapema, wakati vipande vya molekuli vingali humo. Baadhi ya vipande hivyo ni amini za aromatiki, na miongoni mwake zipo zinazojulikana kusababisha saratani. Mtambo wa mwanga uliosimamishwa mara tu rangi inapopotea unaweza kutoa maji yanayopendeza na yenye madhara. Pima COD kabla na baada. Rangi ikishuka kwa asilimia 95 na COD kwa 20, kazi haijaisha, ongeza muda au upeleke maji hayo kwenye bakteria, ambao vipande vidogo huwa rahisi kwao kuliko rangi nzima.

Na hapa naomba tuwe waangalifu na majaribio ya kuvutia. Vichocheo vipya vinavyotumia mwanga wa kuonekana, kama kaboni naitraidi inayofika nanomita 460 hivi, ni habari njema. Lakini majaribio mengi hufanywa kwa methilini buluu, na rangi hiyo yenyewe hunywa mwanga na kufifia, kwa hiyo kichocheo husifiwa kwa kazi isiyo yake. Kichocheo pia hunasa rangi kama kaboni inavyonasa. Jaribio la haki kwa hiyo linataka chupa zaidi ya zile mbili za mwanzo: moja yenye kichocheo lakini imefunikwa gizani, moja juani bila kichocheo, na ile yenye vyote viwili iliyokaa gizani nusu saa kwanza ndipo ikatolewa nje. Tofauti kati yao ndiyo kazi ya mwanga. Ukionyeshwa picha ya chupa moja tu iliyofifia, hujaonyeshwa kitu.

Basi nani achukue nini

Karakana ya batiki inayotumia rangi za kutoyeyuka: hewa, shabu, kichujio cha mchanga. Pipa la kaboni liwe la mwisho kama bado kuna wekundu. Usinunue taa wala vioo.

Kiwanda cha nguo chenye riaktivu: tenga mabomba kwanza. Maji ya beseni, yaliyo machache na mazito, yaende njia yake, na ya suuza, yaliyo mengi na mepesi, yaende yake. Hatua hii haina jina la kisayansi na inaokoa pesa kuliko mtambo wowote ninaoujua. Baada ya kugandisha na bakteria, weka nguzo mbili za kaboni ya chenga zilizofuatana, maji yakae ndani ya kila moja dakika 15 hadi 30. Ya kwanza ikishiba, ya pili inashika zamu wakati unabadilisha. Kwa kiwanda hiki kaboni ndiyo jibu langu leo.

Mwanga nauona mahali pake kwa maji machache, angavu kiasi, yenye sumu kali isiyotakiwa kusafirishwa: suuza za vyombo vya viuatilifu, mabaki ya dawa kutoka kiwanda cha dawa, maji ya maabara. Hapo gramu kwa siku ni chache, taa za urujuanimno au paa dogo la mabomba linatosha, na kutokuwa na mkaa wenye sumu wa kuutunza kuna thamani kubwa.

Kwa metali, mwanga hauui chochote. Unaweza kuibadilisha kromiamu ya sita, ile kali, kuwa ya tatu iliyo na madhara madogo, lakini kromiamu bado imo majini na lazima itolewe. Vivyo hivyo floraidi, kama wanavyojua watu wa Arusha na Nakuru wanaoinasa kwa mkaa wa mifupa ili maji ya kunywa yafae. Elementi haivunjiki. Kinachobaki ni kuinasa au kuizamisha.

Utaambiwa pia kuna cha tatu, kaboni iliyopakwa titaniamu dayoksaidi, inayonasa na kuvunja papo hapo, ikajifufua juani. Wazo ni zuri na maabarani linafanya kazi. Wasiwasi wangu ni kwamba kaboni ni nyeusi. Mwanga unafika kwenye ngozi ya chenga tu, na rangi iliyozama kwenye vitundu vya ndani haioni jua kamwe. Kwa sasa ningeviweka kwa kufuatana, kila kimoja kwenye chombo chake, mwanga ukimega na kaboni ikikamata masalia.

Kabla ya kusaini chochote, chota lita 20 za maji yako siku mnayotia rangi nyeusi au bluu ya kukolea, usichote siku ya rangi nyepesi. Mpe kila mwuzaji lita zake, kutoka ndoo ileile, na umtake akurudishie vitu vitatu: COD ya kabla na ya baada, uzito wa kaboni au saa za mwanga alizotumia, na maandishi ya wapi atapeleka kile kilichobaki.